Bendera ya Kijani ya Las Caleras

Siku ile benchi lilikuwa na watu wanne kabla mgeni hajafika. Alikuwepo Don Refugio, aliyeitwa Chokaa kwa sababu alipasua mawe ya chokaa mlimani miaka thelathini na mmoja, na hadi leo akikung'uta kofia yake hutoka unga. Alikuwepo Don Wenceslao, aliyeitwa Wakili, ingawa chuo cha sheria alikiona kwa nje tu akipita kwenda sokoni. Kazi yake ni kuwaandikia watu barua kwa taipureta mbele ya ofisi ya vizazi na vifo. Alikuwepo Gumaro, muuza mitungi ya gesi, aliyeitwa Satelaiti kwa kuwa hakuna habari ya dunia inayoipita simu yake. Na alikuwepo Nereida, mama wa mtoto mmoja, ambaye hakuwa na jina la utani kwa sababu hakuwa mtu wa benchi. Alikuwa amesimama tu, karatasi mbili mkononi. Doña Chonita, mwenye nyumba, mwenye benchi na mwenye kahawa, alikuwa jikoni na chungu chake, na harufu ya mdalasini na sukari guru ilishafika barabarani.

Las Caleras ni mtaa wa mwisho kabla mlima haujaanza. Mlima wenyewe umeliwa upande mmoja kama mkate uliosahauliwa mezani mbele ya watoto, na mashine za kusaga mawe hunguruma tangu alfajiri. Ng'ambo ya barabara ni shule ya msingi. Langoni pa shule huning'inizwa bendera ndogo ya hewa: ikiwa ya kijani watoto wacheze, ikiwa ya njano wenye vifua dhaifu wajihadhari, ikifika rangi ya machungwa, nyekundu au zambarau, watu wakae ndani. Rangi hiyo haichaguliwi na mwalimu. Huletwa kwa simu kila asubuhi kutoka ofisi ya mazingira ya manispaa, na ofisi nayo huipata kwenye kisanduku cha kupimia hewa, kilichofungwa juu ya nguzo hatua mbili kutoka benchi la Doña Chonita. Kisanduku kilifungwa mwanzoni mwa Septemba. Tangu hapo bendera ilikuwa ya kijani, wiki kumi na moja mfululizo.

Na kwa wiki hizohizo kumi na moja, Eliseo wa Nereida, mwenye miaka saba, alikuwa akikohoa usiku mpaka anaketi kitandani kama kizee, mikono juu ya magoti, akisubiri pumzi irudi. Mama mkwe wa Nereida alishasema sababu ni sakafu baridi. Baadaye akasema ni nywele mbichi. Mwishoni akasema ni mama asiyejua kulea, na Nereida, usiku wa manane akimpapasa mtoto mgongo, alikuwa ameanza kukubali.

Karatasi moja ilikuwa ya shule. Kesho yake ilikuwa tarehe ishirini Novemba, siku ya Mapinduzi, na watoto wote wangetembea gwaride kilometa tatu hadi uwanja wa kanisa na kurudi. Eliseo alikuwa ameshachorwa masharubu ya majaribio, kama ya wanamapinduzi, kwa wanja wa mama yake, akakataa kuyaosha. Ilitakiwa sahihi ya mzazi kabla ya saa saba mchana.

Karatasi ya pili ilitoka manispaa. Mwezi uliopita Wakili alimwandikia Nereida ombi la habari, kwa sheria inayompa mwananchi yeyote haki ya kuuliza na kujibiwa, na hakutaka malipo, hata soda alikataa. Jibu lilifika asubuhi ile. Lilikuwa na mihuri mitatu na sentensi moja: ubora wa hewa katika eneo lililotajwa ulikuwa wa kuridhisha kwa siku zote zilizoulizwa.

— Nimekuja mniambie kitu kimoja tu, wazee wangu, — alisema Nereida. — Nisaini au nisisaini?

Ukitaka benchi lisikujibu, liulize swali la ndiyo au hapana.

Wakili aliisoma barua mara tatu, ya tatu kwa sauti, kidole juu. Akasema barua imekaa vizuri kisheria, mihuri ipo, lugha ni ya heshima, na mtu asiyeridhika na jibu kama hili ana haki ya kutoridhika. Satelaiti akamwambia aache kuzunguka mbuyu. Wakili akasema yeye hazunguki, anasogea kwa utaratibu, maana wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Sasa hiyo imeingiaje hapa? — aliuliza Chokaa.

— Vumbi linaelea, au halielei?

— Linaelea.

— Basi kuna aliyeliunda. Kesi imekwisha.

Chokaa alikataa. Vumbi la mlima ule analijua kama anavyomjua marehemu mkewe, na kamwe halijamfanyia mtu ubaya. Ni chokaa safi. Si ndiyo ileile wanayochemshia mahindi ya mikate ya tortilla mpaka maganda yatoke? Watu wote wa Las Caleras wanaila tangu wameota meno, na kitu kinacholiwa hakiwezi kudhuru kikivutwa. Alitaka kuongeza jambo lakini kikohozi kikamkamata, kile cha kwake kirefu, kinachoanzia miguuni. Wakili alimpokea kikombe kisimwagike. Satelaiti aligeuka akaanza kuisoma namba ya gari la mtu kana kwamba ni habari muhimu. Nereida aliona kwamba hawa wawili walishafanya hivyo mara nyingi, na kwamba hawakuwahi kukizungumzia kikohozi kile. Chokaa alipomaliza, alirudishiwa kikombe chake na mazungumzo yakaendelea palepale yalipoachwa.

Satelaiti akatoa simu. Alisema wote wawili wameingia chaka, kwa sababu vumbi hili si la mlima wala si la Meksiko. Linatoka Afrika, kwenye jangwa la Sahara. Linapanda angani, linavuka bahari nzima bila kulipa nauli, linashukia hapa. Akawaonyesha ramani yenye moshi wa rangi ya udongo.

— Yaani Waafrika wanafagia, sisi tunakohoa? — aliuliza Chokaa.

— Sayansi hiyo, mzee, usibishane nayo.

— Na kwa nini lisishukie kule ng'ambo ya mto kwenye majumba yenye mabwawa ya kuogelea? — aliuliza Wakili. — Lina visa na Las Caleras?

Satelaiti alifikiri kidogo, akasema vumbi likishasafiri mbali namna ile hutafuta nyumba zisizo na kiyoyozi, zifananazo na za kwao, ili lisijione mgeni.

Nereida alicheka bila kutaka. Halafu akaangalia saa ya simu yake: ilikuwa saa tano na nusu. Aliwakumbusha kwa upole kuhusu gwaride. Wote wakatikisa vichwa kwa huruma ya kweli, na wakaendelea vibaya zaidi.

Wakili alisema tatizo ni kisanduku. Kisanduku ni mtumishi wa serikali, na mtumishi wa serikali hutoka kazini saa tisa alasiri. Vumbi la baada ya saa tisa halipimwi na mtu. Chokaa alisema tatizo ni bendera. Shule ilipewa bendera tano, hilo alilishuhudia kwa macho, lakini ile nyekundu ilishonwa sketi ya ngoma ya sikukuu ya Septemba, ya machungwa ikawa kitambaa cha ubao, nyingine Mungu ndiye ajuaye. Mwalimu mkuu anaweka kijani kwa sababu ndiyo iliyobaki, na haraka haraka haina baraka.

Satelaiti alisogea, akapunguza sauti. Aliwauliza kama waliwahi kujiuliza kwa nini mashine ya kupima hewa imefungwa karibu na benchi, wakati hewa ipo kila mahali. Kile kisanduku hakipimi hewa. Kinasikiliza. Manispaa inataka kujua benchi linasema nini.

Chokaa akainuka taratibu, akavua kofia, akainua uso kuelekea juu ya nguzo.

— Habari za asubuhi, mheshimiwa, — alisema. — Barabara yetu ina mashimo saba.

Wote wanne wakakitazama kisanduku. Kilikuwa kimevaa, kama siku zote, gauni lake la bluu lenye maua ya alizeti, lenye lastiki chini na kola nyeupe ya kufumwa. Ilikuwa nguo nzuri. Hakuna aliyewaza chochote. Las Caleras kila kitu cha nyumbani huvishwa, kuanzia mashine ya kusagia nyanya hadi televisheni na mtungi wa gesi. Kifaa kikiachwa uchi watu hudhani mwenyewe amekufa.

Gari jeupe la manispaa likasimama wakati huo. Akashuka kijana mwembamba mwenye ngazi begani na jina Osiel kwenye kifua cha shati. Aliwaamkia wote mmoja mmoja, mkubwa kwanza, akasema amekuja kusafisha kisanduku, kama inavyotakiwa kila baada ya miezi mitatu. Akaegemeza ngazi, akapanda vidato vinne, akasimama. Alikaa juu pale muda, kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha akageuka.

— Samahani, wazee wangu. Hiki kimevishwa na nani?

Ni swali jepesi, hata mtoto wa darasa la kwanza angelijibu. Lakini Wakili, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu abatizwe, alitazama ndani ya kikombe chake. Taipureta yake ilikuwa na koti la kijivu lenye herufi za jina lake, nalo alilishonewa wiki aliyofiwa na kaka yake. Satelaiti alipangusa kiti cha pikipiki, na kiti hicho kilikuwa na foronya ya manyoya ya bandia ili baridi ya alfajiri isimuumize. Chokaa alishika kofia yake, akaigeuza, na ndani yake palikuwa na bitana mpya. Nereida alifikiria chai ya maua ya bugambilia na asali iliyoletwa mlangoni kwake kila alipokohoa Eliseo, usiku mwingine mara mbili, na mwenye kuileta akiwa amejifunga shali juu ya nguo ya kulalia.

Osiel akalivua gauni. Chini yake palikuwa na mfuko wa plastiki, umefungwa kwa utepe wa kijani, fundo zuri la zawadi.

— Ni kwa ajili ya mvua, — alisema Chokaa kwa sauti ndogo, akajuta.

Kijana alieleza, bila ukali wowote, kwamba kisanduku kile hupumua kwa chini. Akaonyesha tundu lenyewe, dogo kama la kifungo. Wiki zote hizi kilikuwa kinapima hewa iliyofungiwa ndani ya mfuko.

Nereida alilielewa neno hilo polepole, na lilipokwisha kuingia alihisi uso wake unawaka. Kila asubuhi kwa wiki kumi na moja alisimama langoni pale na Eliseo, wakaitazama bendera pamoja, na ni yeye aliyesema: kijani, baba, nenda kakimbie. Mtoto akakimbia. Alikuwa mtiifu sana, alikimbia hata siku ambazo hakutaka.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka na Doña Chonita akatoka na chungu, mashikio yameshikwa kwa vitambaa viwili, na kikombe cha tano kimening'inia kidoleni. Alikuwa amesikia gari, akajua kuna mgeni. Miaka sabini na mmoja, na alitembea kwa haraka ya mtu anayeogopa kahawa itapoa. Alipoona gauni mkononi mwa kijana, alitabasamu.

— Usiende nalo kulifua wewe, mwanangu, utaliharibu rangi, nipe mimi. Maskini, siku ya kwanza tu kilikuwa kimechafuka na vumbi hili, nikakihurumia. Kimesimama tu pale juu, hakina mtu. La sufi nimelimaliza jana, la kipindi cha baridi.

Satelaiti alikuwa keshaanza kusema kikulacho, pale Chokaa alipomkanyaga mguu kwa buti zima.

Nereida alikwenda akampokea chungu, kwa sababu kilikuwa kizito. Akakiweka mwisho wa benchi. Kisha akamshika mkono, akamwambia kwa maneno machache kama ya kumwambia mtoto: kwamba kisanduku hupumua, kwamba nguo na mfuko vilikizuia, kwamba rangi ya bendera ilitoka humo.

Doña Chonita aliketi. Alitazama shule, akatazama nguzo, akamtazama Nereida, na mikono yake ikaanza kukunja aproni, ikikunja na kukunjua.

— Kwa hiyo mtoto alikuwa anacheza nje, — alisema.

— Ndiyo.

— Kwa sababu yangu.

Nereida angeweza kusema hapana. Benchi zima lilimtazama likitaka aseme hapana, na maneno yenyewe yalikuwa tayari mdomoni, rahisi. Lakini alikuwa ameshaishi wiki kumi na moja akiambiwa kwamba mambo ni mazuri.

— Bendera ilikuwa ya kijani kwa sababu ya gauni, — alisema Nereida. — Vumbi halikutoka kwako, Doña Chonita. Wewe ulileta chai.

Mama yule alitikisa kichwa mara nyingi, machozi yakimshuka bila sauti, na Nereida akaendelea kumshika mkono. Akammiminia kahawa Chokaa kwanza, kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili ulikuwa na kazi. Kisha akamgeukia mgeni.

— Kaka yangu, namba zilizokuwa zinafika kwenu zilikuwa ngapi?

Osiel aliangalia simu yake ya kazi. Sifuri, alisema. Moja. Sifuri. Siku moja ilifika mbili.

— Na kule mjini kwenye bustani, penye chemchemi, siku ya hewa nzuri inakuwa ngapi?

— Nane. Kumi. Ikizidi kumi na tano si kijani tena.

— Kule kwenye chemchemi kumi. Na hapa chini ya mlima unaosagwa, sifuri, wiki kumi na moja. — Sauti yake haikupanda. — Huko ofisini hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza kwa nini?

Kijana alishuka kwenye ngazi, akakaa kwenye kidato cha chini. Alisema yeye husafisha tu. Alisema namba huingia kwenye mashine, na mashine hutoa rangi, na rangi hupelekwa shuleni, na barua za watu hujibiwa kwa kuangalia rangi. Alijaribu kukumbuka ni nani anayezisoma namba zenyewe, akakunja uso, akataja jina la mtu mmoja, akasema hapana, yule alistaafu. Kahawa ilikuwa inapoa na hakuna aliyeinywa.

Mwishowe Osiel akasema kitu kimoja anachoweza kufanya ni kukiacha kipumue sasa hivi. Alipanda, akapangusa tundu kwa brashi laini, akawasha kioo kidogo cha pembeni. Walisubiri robo saa. Doña Chonita aliuliza kama kinaumia, na Osiel akamwambia hapana, bibi, hakiumii.

— Mia moja na kumi na nane, — alisema kijana.

— Rangi gani hiyo?

— Nyekundu, dada. Inakaribia zambarau.

Nereida aliiandika namba ile nyuma ya barua ya manispaa, juu ya kivuli cha mihuri mitatu. Wakili aliomba aione. Aliitazama, kisha akasema jambo ambalo watu wa benchi hawakuwahi kumsikia akisema.

— Nilikosea, binti yangu. Niliwauliza hewa ikoje, wakanijibu ni nzuri. Nilipaswa kuwaomba namba, za kila siku, pamoja na jina la anayezisoma. Kesho ni sikukuu. Keshokutwa saa mbili nitakuwa na karatasi kwenye taipureta.

Ilikuwa imebaki nusu saa. Nereida alivuka barabara na karatasi zake mbili, na alipogeuka aliona Osiel amelikunja gauni vizuri, pembe kwa pembe, anamkabidhi Doña Chonita kwa mikono miwili. Hakusaini ruhusa. Alimwonyesha mwalimu mkuu namba. Mwalimu mkuu, mama mnene mwenye haya, aliisoma, akapiga simu manispaa, simu haikupokelewa, akapiga tena, haikupokelewa. Basi akafungua kabati. Bendera zote tano zilikuwamo. Nyekundu ilikuwa mpya kabisa, na mikunjo ya kiwandani bado imo.

Gwaride la mwaka ule lilifanyika ndani ya korido za shule, likazunguka mara tisa. Kikohozi cha Eliseo hakikuisha. Kati ya siku ile na Krismasi alikaa ndani siku kumi na tisa, bendera ikikataza, na kila mara mama yake alijua kwa nini.